Majaribio na Majaribu

Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti ambao hadi leo sijaamua kama niucheke au niuonee huruma. Walikuwa wamechukua wagonjwa 1,802 waliosubiri upasuaji wa moyo katika hospitali 6, wakawagawa makundi 3. Kundi la kwanza liliombewa, ila wagonjwa wake waliambiwa tu kwamba huenda wakaombewa, huenda wasiombewe. La pili liliambiwa maneno hayohayo lakini halikupangiwa mwombaji. La tatu liliombewa, na wagonjwa wake wakahakikishiwa kwamba wanaombewa. Waombaji walikuwa Wakristo wa vikundi 3. Walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Kisha watafiti wakaketi kuhesabu ni nani aliyepata matatizo ndani ya siku 30.

Katika kundi la kwanza waliopata matatizo walikuwa asilimia 52. Katika la pili, asilimia 51. Na wale waliojua fika kwamba wanaombewa? Asilimia 59.

Baadhi ya wasioamini walishangilia. Waumini nao, kwa jumla, hawakutikisika. Wiki iliyofuata waliendelea kusali kama walivyosali wiki iliyotangulia. Ni rahisi kusema huo ni ukaidi wa watu wasiotaka kuona hesabu. Lakini mtu anayesali hakuwahi kudai kwamba sala ni kidonge, chenye kipimo chake na muda wake wa kufanya kazi. Anazungumza na Mwenye uwezo wa kukataa. Isitoshe, hakuna mtafiti aliyeweza kumzuia mama wa mgonjwa wa kundi la pili asipige magoti usiku ule. Utafiti ulipima kitu, sina shaka, na ulikipima kwa uangalifu. Ila kile ulichopima sicho ambacho waumini wanakiita maombi.

Kiswahili kina msaada hapa. Kitenzi kimoja, kujaribu, kimezaa majina mawili ambayo hatuyachanganyi. Kuna majaribio: ya maabara, ya chanjo, ya roketi. Na kuna majaribu: ya maradhi, ya ufukara, ya tamaa, yale ambayo Mkristo huomba "usitutie majaribuni", na ambayo Mwislamu akifikwa nayo husema, "Huu ni mtihani." Katika majaribio, mtu ndiye anayetunga maswali na ulimwengu ndio unaosahihishwa karatasi. Katika majaribu, mtu ndiye mtahiniwa. Kwa maoni yangu tofauti ya sayansi na dini iko hapo, kwenye nani anamjaribu nani, na mengi tunayobishania ni matawi ya shina hilo.

Najua kuna jibu jepesi ambalo wengi wameliridhia: sayansi inaeleza "vipi", dini inaeleza "kwa nini". Mtaalamu wa visukuku Stephen Jay Gould alilipa jibu hilo sura ya kisomi mwaka 1997 aliposema kwamba hizi ni mamlaka mbili zisizoingiliana, moja ya mambo yalivyo, nyingine ya thamani na maana. Ni mapatano mazuri, kama ya majirani waliopimiwa mpaka wa shamba. Shida ni kwamba wenye mashamba hawaishi hivyo. Dini husimulia matukio: bahari iligawanyika, kaburi lilikutwa tupu, malaika alishuka pangoni na ufunuo. Hayo si maadili. Ni madai kwamba jambo fulani lilitokea mahali fulani. Sayansi nayo hujibu "kwa nini" kila siku: kwa nini anga ni samawati, kwa nini baadhi ya watoto hufanana na babu kuliko baba. Mpaka ule unafaa kwa amani ya ukumbini. Kwa kuelewa, haufiki mbali.

Tuanze na majaribio. Mwaka 1846 Mfaransa Urbain Le Verrier alikuwa akihangaishwa na sayari ya Uranus, ambayo haikuwa ikipita pale ambapo hesabu za Newton zilisema itapita. Badala ya kuzilaumu hesabu, alikisia kwamba kuna sayari isiyojulikana inayoivuta. Akakokotoa ilipo, akaandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba Johann Galle alielekeza darubini pale alipoambiwa, na Neptune ikaonekana, pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Mtu alikuwa amegundua ulimwengu mzima kwa kalamu.

Miaka 13 baadaye, Le Verrier yuleyule akakutana na sayari nyingine yenye utukutu. Mzunguko wa Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, ulikuwa ukigeuka polepole mno, lakini kwa kasi kidogo kupita hesabu: tofauti tunayoijua leo ni sekunde 43 za pembe katika karne nzima, na sekunde moja ya pembe ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii. Le Verrier akafanya alichofanya mara ya kwanza. Akakisia sayari nyingine iliyojificha jirani na jua, ikapewa jina Vulcan. Wakatokea waliosema wameiona. Mmoja wao, daktari wa kijijini, alitunukiwa nishani. Le Verrier alikufa mwaka 1877 akiwa bado anaiamini. Vulcan haikuwapo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba safari hii hesabu za Newton zenyewe ndizo zilizopungukiwa, na nadharia yake mpya ikatoa zile sekunde 43 bila kuhitaji sayari yoyote.

Nimelisimulia hili kwa kirefu kwa sababu naona limebeba siri yote ya sayansi kuliko hadithi za ushindi tunazopenda kuzirudia. Mtu ni yuleyule, njia ni ileile, imani yake kwa njia hiyo ni ileile, na akili yake haikupungua. Mara moja alipatia, mara nyingine akakosea, na kilichoamua hakikuwa heshima yake. Mwanasayansi binafsi anaweza kuwa mkaidi kuliko kuhani. Ila mfumo umejengwa ili ukaidi wake ufe naye.

Tena mfumo huo hautosheki hata na habari tamu. Septemba 2011 watafiti waliokuwa wakirusha chembe ziitwazo nyutrino kutoka maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva, hadi chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, mwendo wa kilomita 730 hivi, walipata kwamba zinafika nanosekunde 60, yaani sehemu 60 za bilioni za sekunde, mapema kuliko nuru. Lingekuwa kweli, fizikia ya karne nzima ingepasuka. Wao wenyewe wakatangaza namba zao na kuwaomba wenzao watafute kosa. Miezi michache baadaye kosa lilipatikana: kebo moja haikuwa imekazwa vizuri, na saa moja ilikuwa na hitilafu. Viongozi wawili wa mradi walijiuzulu. Kebo! Fikiria kiongozi wa dini akitoka hadharani kusema, "Nimepata ufunuo, tafadhali nisaidieni kutafuta waya uliolegea."

Jumuiya ya kisayansi ya London, Royal Society, iliyoanzishwa mwaka 1660, ina kaulimbiu ya Kilatini: Nullius in verba. Maana yake ni kwamba usilichukue neno la mtu yeyote kwa kuwa yeye kalisema. Weka kauli hiyo kando ya ile ambayo Tomaso aliambiwa alipotaka kutia kidole kwenye kovu za misumari: "Wa heri wale wasioona, wakasadiki." Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwa upande mmoja kutosadiki bila kuona ni wajibu. Kwa upande wa pili kusadiki bila kuona ni baraka.

Anayeishia hapo, akasema basi dini ni kusadiki ovyo, hajazisoma habari zenyewe. Tomaso hakufukuzwa, alionyeshwa kovu. Ibrahim, katika sura ya Al-Baqara, anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama haamini. Anajibu kwamba anaamini, ila moyo wake upate kutua. Na hakaripiwi, anaelekezwa kwenye ndege wanne. Ninayempenda zaidi ni Gideoni. Aliacha ngozi ya kondoo nje usiku, akaomba umande uanguke kwenye ngozi tu, ardhi ibaki kavu. Ikawa hivyo. Mtu wa pupa angetosheka. Gideoni akaona kwamba sufu hunywa maji upesi kuliko udongo, labda ni bahati tu ya sufu (sababu hiyo naiweka kinywani mwake mimi, Biblia haiitaji), akaomba usiku wa pili mambo yageuzwe: ngozi iwe kavu, ardhi ilowe. Mwalimu wa maabara angempa alama zote.

Hata hivyo Gideoni aliomba radhi kabla ya ombi la pili, "hasira zako zisiwake." Alijua kuwa anafanya jambo lisilo la kawaida yake, kwamba amekaa kiti kisicho chake kwa usiku mmoja. Kanuni yenyewe imeandikwa kwingine: "Msimjaribu Bwana, Mungu wenu."

Kwa nini kanuni hiyo? Mpinzani atasema jibu liko wazi: kwa sababu angejaribiwa, angeshindwa. Nakubali kwamba "usinijaribu" ni kauli ya kila tapeli tangu dunia iumbwe. Lakini si ya matapeli peke yao. Mume anayempekulia mkewe simu kila usiku ili athibitishe uaminifu wake anaweza kukusanya data safi kabisa kwa miaka 10, na siku hiyo ya mwisho atakuwa hamjui mkewe kuliko alivyomjua siku ya kwanza. Huenda kwa kumpekua ameua kitu kilekile alichotaka kukithibitisha. Kuna mambo ya mtu ambayo huonekana tu na anayemwamini. Lugha yetu inaliona hilo pia, kwani amini, aminifu, amana na imani ni ndugu wa tumbo moja, na tunaposema fulani "hana imani" mara nyingi hatumaanishi kwamba hasali. Tunamaanisha kwamba hana huruma. Kama aliye nyuma ya ulimwengu ni nafsi wala si mashine, basi haishangazi kwamba njia ya kumjua iwe kama ya kumjua mtu. Hiyo "kama" ni kubwa, nakiri. Sayansi haina chombo cha kuipima, na dini haijifichi kwamba inaanzia hapo.

Ayubu ndiye mfano kamili wa upande huu. Anapoteza mali, watoto, afya. Anadai maelezo, tena kwa ukali. Anataka kesi isikilizwe. Baada ya sura nyingi za hotuba za marafiki wanaojua kila kitu (wapo hadi leo, kwenye kila msiba), Mungu anajibu kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, na jibu lake ni maswali. "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Umeziingia ghala za theluji? Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia? Ayubu alikuja kama mtahini, akaondoka mtahiniwa. Hakuna hata neno moja la kueleza kwa nini watoto wake walikufa.

Wanasayansi, kwa namna fulani, waliyachukua maswali yale kama kazi ya nyumbani. Umri wa nchi: mwanasayansi Clair Patterson aliupima kwa madini ya risasi yaliyomo kwenye vimondo, na mwaka 1956 akaandika miaka bilioni 4.55. Kilimia: ni kundi la nyota zaidi ya 1,000, lenye miaka milioni 100 hivi, nalo limeshikwa kwa mvutano. Umbali wake ulizua ugomvi. Setilaiti ya Hipparcos katika miaka ya 1990 ilitoa miaka ya nuru 390 hivi, wataalamu wengi wakasema haiwezekani, na mwaka 2014 vipimo vya darubini za redio vikaupandisha hadi karibu 440. Mnyororo wenyewe utakatika. Baada ya miaka milioni 250 hivi nyota zile zitakuwa zimetawanyika.

Ni majibu mazuri ajabu. Yasome sasa kando ya mtu aliyezika watoto wake kumi. Hayakosei hata desimali, na hayamgusi. Ajabu ni kwamba hata jibu alilopewa halikumpa sababu, ila yeye akatulia. Kilichombadilisha ni kwamba alijibiwa.

Hapa ndipo ninapokosana na makundi mawili. La kwanza ni la wale wanaosema kisichopimika hakipo. Hilo si tokeo la jaribio lolote. Hakuna maabara iliyowahi kulithibitisha. Sitawachelewesha.

La pili lina wafuasi wengi zaidi na madhara makubwa zaidi. Ni la wahubiri waliogeuza dini kuwa maabara. Wapo wanaomwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Wasome upya habari ya Yesu juu ya kinara cha hekalu: anayesema "jitupe chini, malaika watakudaka" ni shetani, tena ananukuu zaburi. Aliyekataa kuruka ndiye aliyejibu kwa ile kanuni ya kutomjaribu Bwana. Kuacha dawa ili Mungu alazimike kuponya ni kuruka kutoka kinarani. Waislamu wana hadithi ya yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Na anayekuzuia kumchunguza yeye binafsi kwa kisingizio kwamba Mungu hajaribiwi, amejitwalia kinga isiyo yake. Waraka wa kwanza wa Yohana unasema wazi: "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Mungu hajaribiwi; msemaji wake anajaribiwa asubuhi na jioni.

Wapo pia waungwana zaidi, wanaokesha wakitafuta mlipuko mkuu wa mwanzo wa ulimwengu, kiinitete au chembe ndogo ndani ya aya, ili waseme: mnaona, kitabu kilijua. Nia yao naielewa, hesabu yao siielewi. Nadharia ikikupa ushahidi leo, umekubali pia kwamba ikianguka kesho itaanguka na ushahidi wako. Hekima ya zamani ilikwepa mtego huo. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Hakuna muujiza uliowahi kuletwa mkononi kwa urahisi kama huo. Akasimama akasema kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Karne tano hivi baadaye mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa kuwapenda wanafalsafa, aliandika kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe.

Galileo, aliyeshikilia kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, asingesaidika sana hata kwa kuyajua hayo, kwani waliomhukumu mwaka 1633 walikuwa na nguvu za dola. Kanisa lilikiri kosa rasmi mwaka 1992, miaka 359 baadaye. Kwa haki, tuongeze kwamba hoja aliyoitegemea zaidi, ya kupwa na kujaa kwa bahari, ilikuwa na makosa, na kule nyota kuonekana ikisogea kwa kutazamwa kutoka pande mbili za mzunguko wa dunia hakukupimwa kwa uhakika hadi Friedrich Bessel alipofanya hivyo mwaka 1838. Alikuwa amepatia kabla ya kuwa na ushahidi wote. Hata hivyo, hoja mbovu dawa yake ni hoja, wala si kifungo cha nyumbani.

Aliyenifundisha zaidi juu ya haya yote ni padri Mbelgiji, Georges Lemaître. Alipadirishwa mwaka 1923, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama atomu moja ya asili. Wenzake wengine walimshuku kwa kanzu yake: huyu anamwingiza Mungu mlango wa nyuma. Kisha, Novemba 1951, Papa Pius XII akahutubia akademia yake ya sayansi akiashiria kwamba elimu mpya inashuhudia lile neno la kwanza, "Iwe nuru." Padri mwingine angechinja ng'ombe. Lemaître alifadhaika. Nadharia yake ilikuwa bado inagombana na ile ya Fred Hoyle na wenzake, waliosema ulimwengu hauna mwanzo, na mshindi hakuwa amejulikana. Inasadikika kwamba aliwasilisha wasiwasi wake Vatikani. Ninachojua ni kwamba Papa alipowahutubia wanaastronomia wa dunia mwaka uliofuata, dai lile hakulirudia. Lemaître alishikilia kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya swali la Mungu: anayeamini na asiyeamini wote wawili wanaweza kuikubali au kuikataa. Asubuhi alisoma misa, mchana alikokotoa, na hakuomba kimoja kimtetee mwenzake.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakipambana na mlio usiokoma katika antena yao huko New Jersey. Waliielekeza kila upande, wakawafukuza njiwa waliojenga viota ndani, wakasugua mavi yao, mlio ukabaki. Ulikuwa ni joto lililosalia kutoka utotoni mwa ulimwengu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1965. Lemaître wakati huo moyo ulikuwa umeshamsumbua, kisha ikaja saratani ya damu. Mtu aliyewahi kuwa msaidizi wake ndiye aliyempelekea habari, muda mfupi kabla ya kifo chake tarehe 20 Juni 1966. Alimkuta padri wa miaka 71 kitandani, kwenye mtihani wake wa mwisho, akamweleza kwamba jaribio limejibu.